Magunia Yenye Msalaba wa Buluu

Kila asubuhi navua viatu vya shule kabla ya kuingia soko la Kalerwe. Naviweka ndani ya mfuko, nakunja sketi, halafu nakanyaga tope peku. Na msidhani ni tope la mvua tu. Lina majani ya kabichi yaliyooza, maganda ya matoke, matumbo ya samaki na maji ya mtaro yaliyokataa kwenda. Tena lina uvuguvugu, na linapenya katikati ya vidole. Ptuu! Hata sasa ninapoandika mwili unanisisimka.

Nikifika upande wa pili naosha miguu kwa maji ya chupa, navaa viatu, naenda shule. Jina langu ni Nerima, niko darasa la sita. Mama yangu alikuja Kampala kutoka Busia, upande wa Kenya, kabla sijazaliwa. Anauza nyanya karibu na kalvati, pale mtaro unapopita chini ya barabara ya soko.

Mwaka huu tope lilitushinda. Lori linalotuletea nyanya lilikwama mara mbili, mpaka dereva akaapa kwamba hataingia tena. Masanduku yakawa yanashushwa barabara kuu na kubebwa na wapagazi, na kila mpagazi anataka chake. Jioni moja Mama alikaa juu ya sanduku tupu, akapangusa tope magotini.

"Mvua za mwezi ujao zikinikuta hivi hivi, nafunga," alisema. "Tunarudi Busia."

"Na shule yangu?"

"Busia hakuna shule?"

Mwaka ujao ninafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Sikutaka kuufanyia mahali ambapo simjui hata mtu mmoja.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Ocira aliingia darasani akiwa na karatasi mkononi. Yeye ni mtoto wa askari, amekulia kambini, na akianza kusema utafikiri anatupigisha gwaride.

"Sikilizeni! Wakubwa wanakusanya maoni. Wanataka ushuru wa mauzo kwa mkoa mzima, kuanzia hapa mpaka Wakiso na Mukono. Ukinunua kitu cha shilingi mia, unaongeza shilingi moja. Fedha zijenge barabara na mitaro. Jumamosi wafanyabiashara wa Kalerwe wanakutana, na wameomba wanafunzi wawili wafungue mjadala. Acayo atasema ndiyo. Nani atasema hapana?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Ushuru mwingine! Mama alikuwa ameutukana siku tatu mfululizo. "Watakula," alikuwa akisema huku anachambua nyanya. "Wanakula wamekaa, wanakula wamesimama. Nikiwafikiria nasikia kutapika." Na mimi nilisikia kutapika vilevile. Watu wazima wenye mishahara wanapewa pesa za mtaro, wanakwenda kunenepa nazo! Nilijaza kurasa nne za daftari kwa hasira.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliandika. Kila Jumamosi Mama hutia nyanya zilizooza ndani ya gunia dogo. Magunia yake yote ameyachora msalaba wa rangi ya buluu ili yasiibwe. Hunipa gunia hilo na shilingi elfu moja, niende kwenye lori la taka barabara kuu, nilipe, nao walirushe juu. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, na gunia lilikuwa linavuja. Maji ya nyanya zilizooza yalinitiririka mgongoni mpaka kiunoni, nzi wakanizunguka kichwa kizima. Nikachungulia huku, nikachungulia kule, nikalisukuma gunia ndani ya mtaro nyuma ya kibanda cha mkaa. Ile elfu moja nikanunua soda.

Jumamosi iliyofuata sikujisumbua hata kwenda kuiangalia foleni. Nilifanya hivyo kwa miezi mitatu.

Siku ya mjadala, Mzee Marjan, mwenyekiti wa wauzaji, alikataa tusikutanie ukumbini. "Mjadala wa mtaro tutaufanyia mtaroni," alisema. "Wenye pua wasikie." Basi tukasimama kando ya kalvati, watu zaidi ya mia, wengine wameziba pua kwa leso. Nyuma yetu vijana wanne walikuwa ndani ya maji meusi mpaka mapajani, wanachokonoa kwa majembe kutafuta kilichoziba.

Acayo alianza. Baba yake ni askari wa barabarani.

"Nyanya mnazouza hapa zinatoka mbali," alisema. "Wanaozila wanatoka Wakiso na Mukono. Barabara inatumiwa na wote, basi na walipe wote. Tena soko moja likichimba mtaro wake peke yake, maji yanakwenda kuwafurikia majirani. Kazi hii ni ya mkoa mzima."

Walimpigia makofi machache. Mimi nikachukua kipaza sauti.

"Tajiri wa Bugolobi na mama anayeuza mchicha hapa watalipa ushuru ule ule kwenye nyanya ile ile. Hiyo ni haki?"

"Si haki!" watu wakajibu.

"Na pesa zitakwenda wapi? Tutatoa, halafu watazila. Mtu anayepewa pesa ya mtaro akaila, hana tofauti na funza! Ananenepea kwenye uozo wetu!"

"Banange, jamani, mtoto anajua kusema!" mtu mmoja akapiga kelele. Mama alipiga vigelegele, kitambaa kikamdondoka kichwani. Nilivimba kwa raha.

Hapo ndipo sauti ikatoka mtaroni: "Mzee, tumekipata kizibo!"

Vijana walivuta, wakavuta tena. Kikatoka kitu cheusi kinachotiririka, majani na mifuko ya plastiki imesokotana, na harufu iliyotufanya tuliokuwa mbele turudi nyuma. Mwanamke mmoja alikimbia pembeni akatapika. Ndani ya lile lundo mlikuwa na magunia madogo. Walipoyamwagia maji, msalaba wa buluu ukaonekana kwenye la kwanza, kisha la pili. Waliyahesabu yakafika kumi na mbili, yakimwaga uji mwekundu na funza.

"Mama Nerima! Hii si alama yako?"

"Ni yangu, lakini mimi nalipia taka!" Mama alisema. "Kila Jumamosi natoa elfu moja, mtoto wangu anapeleka kwenye lori."

"Muongo mkubwa wewe!"

"Ndiyo maana huutaki ushuru! Hata taka zako hutaki kuzilipia!"

Mzee Marjan aliinua fimbo yake mpaka wakatulia. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa kinyaa. "Mama Nerima, sheria yetu unaijua. Anayetupa taka mtaroni ananyang'anywa meza."

Mama alinigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, jamani, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nerima, hebu waambie," alisema.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. Ningeweza kusema watu waliyaiba magunia. Ningeweza kusema watu wa lori ndio walioyatupa, nao hawakuwapo kujibu. Niliangalia wale funza wakijinyonganyonga kwenye jua.

"Ni mimi," nikasema. "Mama alinipa pesa ya lori kila wiki. Nilinunulia soda. Magunia niliyatupa mimi, yote kumi na mbili."

Kisha mwanamume mmoja akacheka. "Kumbe funza mwenyewe ndiye aliyekuwa anatuhubiria!"

Watu waliangua kicheko. Nilijiona mchafu kuliko lile lundo. Miezi mitatu nilikuwa navua viatu, natema mate, nawalaani watu wachafu, na uchafu wenyewe ulikuwa wangu.

Mama alinijia. Nilidhani ni kofi, nikafumba macho. Alichukua tu kipaza sauti.

"Nilisema hapana kwa sababu ya walaji," aliwaambia watu. "Kumbe mmoja nampikia mwenyewe chakula kila siku. Naona aibu. Lakini na mimi nina kosa. Nilitoa pesa, nikageuza mgongo. Sikudai karatasi ya malipo hata siku moja. Mzee, andika hivi: tutoe ushuru huo, ila kila shilingi iliyokusanywa na kila shilingi iliyotumika ibandikwe ukutani hapa sokoni. Na hizo barabara tukazikague wenyewe kwa miguu yetu."

Acayo alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Walipoinua mikono, waliokubali walikuwa wengi, ingawa muuza mkaa na wenzake walikataa mpaka mwisho. Mzee Marjan aliandika yote mawili, ushuru na masharti yake.

Meza hatukunyang'anywa. "Mtoto amesema kweli mbele ya watu, na mama hakumficha," Mzee alisema. "Lakini mtaro uko hapo na majembe yako hapo." Basi mimi na Mama tukaingia. Maji yale yalinifika juu ya magoti, na kila nilichoshika kilikuwa kinateleza. Nilitapika mara mbili. Mama hakunionea huruma, alinipa jembe tena. Saa kumi na moja jioni kitu kilinguruma chini ya barabara, na maji yakaanza kwenda.

Mvua ya wiki iliyofuata ilinyesha mchana kutwa. Maji yalipita. Siku ya tatu lori la nyanya liliingia polepole, dereva amechungulia dirishani kwa mashaka, likafika mpaka kwenye meza yetu. Mama hakutaja Busia tena. Ushuru wenyewe bado unajadiliwa huko kwa wakubwa, na Mwalimu Ocira anasema maoni ya Kalerwe yamefika.

Jumamosi Mama alinipa gunia na shilingi elfu moja. Nilishangaa.

"Hutanifuata?"

"Sikufuati," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Pesa ya watu ni kama hii. Mwenyewe hawezi kukufuata kila kona. Pale nyuma ya kibanda cha mkaa, ambapo hakuna anayekuona, ndipo unapojulikana kama wewe ni mtu safi au mchafu. Wale wakubwa nao walianza na elfu moja. Nenda. Ila karatasi naitaka."

Foleni ilikuwa ndefu, gunia likavuja, nzi wakaja. Nilisimama mpaka zamu yangu. Nilirudi na karatasi iliyolowa maji ya nyanya. Mama aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, akaitundika kwenye msumari juu ya meza, mahali ambapo kila mtu anaiona.