Uji wa Wodi ya Kiharusi

Kipishi, mashine ya jikoni, kililisha hospitali nzima huku kikipiga hesabu. Kila sahani iliyorudi jikoni ilipimwa, uzito wake ukaingia kwenye fomula ya mhandisi Nakijwa Mbwambo: mabaki yajumlishwe na malalamiko, kisha jibu lipunguzwe kadiri iwezekanavyo. Mashine haikujua chakula ni nini. Ilibadilisha kidogo, ikatazama jibu limepanda au limeshuka, ikabadilisha tena, mara maelfu kabla chai haijachemka.

Wiki hii jibu lilifika sifuri. Mkurugenzi Mgonja alitaka mashine hiyo iende shule zote za jiji. Ilibaki sahihi ya Nakijwa tu.

Lakini baba yake Nakijwa, aliyelazwa wodi ya kiharusi na asiyeweza kutamka neno, alikuwa akiharisha tangu Jumatatu. Kabla ya kutia sahihi, Nakijwa alishuka jikoni kuangalia, na Mgonja akamfuata.

Harufu iliwapokea mlangoni. Mifupa iliyotafunwa, ugali wenye alama za meno, karatasi iliyofutiwa makohozi, vyote viliingia kwenye kinu cha mashine. Upande wa pili ulitoka uji laini wa kahawia, ukaingia kwenye ndoo za wodi ya kiharusi.

Nakijwa alishikwa na kinyaa hadi mate yakamjaa mdomoni.

“Si umechemshwa?” Mgonja aliuliza. “Hesabu imekosea wapi?”

“Haijakosea, Mkurugenzi. Niliiambia ipunguze malalamiko. Imetafuta wasioweza kulalamika.”

“Basi kinyaa nacho kitie kwenye fomula. Kipe namba, tuendelee.”

Nakijwa akachota bakuli, akamsogezea mdomoni. “Onja kwanza, kisha unitajie hiyo namba.”

Mgonja alirudi nyuma, kiganja puani. Ndipo Nakijwa akainama akatapika. Mkono wa mashine ukashuka, ukayapima matapishi yake, ukayasukumia kinuni. Aling’oa waya wa umeme kwa mikono yote miwili.

Akapanda wodini. Jana jioni baba yake alikuwa amegeuza uso kuelekea ukutani, naye akadhani ni ukaidi wa ugonjwa. Alikuwa amembana mashavu taratibu, akamlisha uji ule hadi kijiko cha mwisho, akamsifu kama mtoto.

“Baba,” aliita, akikaribia kitanda.

Mzee alimtambua, akafumba mdomo kwa nguvu zake zote.