Perefe na Vifuniko Vitano

Kila asubuhi Nadège aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Haikuwa bidii. Jogoo huyo alikuwa mchelewaji tangu azaliwe. Nadège alifagia uwanja, akateka maji bombani, akawasha moto na kupasha bugali wa jana. Nyanya yake, ambaye watu wote wa Lusenda walimwita Tate Émilienne, alikunywa chai kimya, akachukua jembe na kwenda shambani. Nadège akachukua mkoba na kwenda shule. Katika nyumba hiyo maneno yalikuwa machache kama meno ya Tate.

Nadège alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo uliozoea kuchekesha watu. Shida ni kwamba watu wenyewe walikuwa wamekwisha. Mama yake alikuwa Kalemie akiuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na alipiga simu Jumapili, mtandao ukikubali. Kaneza, rafiki yake wa kambi ya wakimbizi, aliyekaa naye dawati moja miaka minne, alikuwa amepanda basi na wazazi wake kurudi Burundi kabla ya Noeli. Alimwachia Nadège sweta yake ya bluu, akapunga mkono dirishani mpaka basi likapinda njia. Tangu siku hiyo dawati la watu wawili lilikuwa la Nadège na mkoba wake.

"Nadège," Casimir wa dawati la nyuma alimwuliza, "leo mkoba wako umefanya hesabu?"

"Umefanya. Umepata nyingi kukupita."

Darasa zima lilicheka. Kisha kila mmoja akamgeukia mwenzake kuendeleza kicheko, na Nadège akageukia mkoba. Mkoba haukucheka.

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, Fabien, jirani yao, alikuwa juu ya mchikichi akikata makuti makavu. Kuti moja lilianguka na kiota. Ndani yake kulikuwa na mtoto wa kindi, mdogo wa kuenea kiganjani, macho yakiwa yamefunguka juzi tu.

"Mama yake aliingia mutego wangu Alhamisi," Fabien alisema aliposhuka. Alikuna kichwa. "Sikujua alikuwa na mutoto. Unamutaka? Lakini Tate wako anapenda hii munyama?"

"Anapenda sana," Nadège alisema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Mwaka uliopita kindi walikuwa wamefukua nusu ya karanga alizopanda Tate, na tangu hapo aliwataja kama watu wanavyomtaja mwizi wanayemjua jina na nyumba.

Fabien alimpa Nadège maziwa kidogo ya mbuzi wake, akamwonyesha kazi. Mtoto alale kifudifudi, maziwa yadondoke tone moja moja kwenye ncha ya kitambaa, polepole, asije akapaliwa. Na asipate baridi. Nadège alitandika sweta ya Kaneza ndani ya katoni, akaisukuma katoni chini ya kitanda. Tate, kwa sababu ya magoti yake, hakuwa mtu wa kuchungulia chini ya vitanda.

Wiki zilipita na mkia wa mtoto ukajaa manyoya. Siku alipoketi kwa mara ya kwanza, mikono tumboni, kichwa kikiinama upande, alimtazama Nadège kama perefe, mkuu wa shule ya sekondari, anavyotazama mistari Jumatatu asubuhi akitafuta nani hakuchana nywele. Basi akamwita Perefe.

Perefe alikuwa mwepesi wa kuchoshwa. Kindi asiye na kazi hutafuna, na Nadège alilijua hilo kitanda kilipoanza kuyumba. Akamfungia kamba kutoka kwenye boriti apande na kushuka. Akamning'inizia kigunzi cha mahindi. Mchezo walioupenda zaidi ulikuwa wa mkono wa sweta. Nadège alificha karanga moja ndani kabisa, akatikisa kopo lenye vijiwe, cha-cha-cha, na Perefe, popote alipokuwa, alikuja mbio, akaingia mkononi mwa sweta na kutokea upande wa pili mashavu yamevimba. Nadège alicheka mpaka machozi. Akamsimulia habari za shule, za Casimir, za Kaneza. Perefe alisikiliza vizuri kuliko mkoba.

Ila karanga za mchezo ziliisha. Karanga zilizobaki nyumbani zilikuwa zile za mbegu, ndani ya kikapu kilichoning'inia kwenye boriti ya chumba cha Tate, zikingoja kupandwa mwezi wa pili.

"Tatu tu," Nadège alijiambia. Kesho yake pia zilikuwa tatu tu. Kesho kutwa Perefe aliona hakuna haja ya kumsumbua mtu. Kuta za nyumba ile hazikufika hadi paa. Kindi aliyefundishwa wiki nzima kutafuta karanga zilizofichwa alipita juu ya ukuta na kukipata kikapu peke yake.

Jumatatu Tate alitoka chumbani na maganda kwenye kiganja.

"Nadège. Hii iko nini?"

Moyo wa Nadège uliruka. Lakini mdomo wake, kama kawaida, ulifika mbele ya moyo. "Ni panya, Tate. Nilimuona. Mukubwa hivi. Iko na masharubu kama ya chefu wa kijiji, alitembea polepole, alinipita bila kunisalimia."

Tate alimtazama. Kisha akacheka. Alicheka akashika ubavu, akaketi kwenye kiti. Nadège hakukumbuka lini alisikia kicheko hicho mara ya mwisho, na kilikuwa kitamu mno kukiharibu kwa ukweli. Akamwongezea panya fimbo na kofia.

Jumatano ilikuwa siku ya Tate kwenda soko la Baraka. Mchana, Nadège akirudi kutoka shule, walikutana njiani. Tate alikuwa tayari na jembe begani.

"Bugali iko kwenye chungu," Tate alisema. "Na usiguse vile vifuniko vya makopo nilivyoweka ndani. Nimeleta sumu, nimechanganya na karanga ya kusaga. Chefu wako wa masharubu leo atakula karamu." Akatabasamu, akaendelea na njia ya shamba.

Nadège alisimama kidogo. Kisha akakimbia, mkoba ukimpiga mgongoni.

Nyumbani ndani ya katoni kulikuwa na sweta tu, akaifunga kiunoni. Aliita, akatikisa kopo. Kimya. Alipata kifuniko kimoja nyuma ya chungu, unga wa karanga ukiwa umetengenezwa kilima kidogo. Hakikuguswa. Alikibeba kwa jani la mgomba. Cha pili kilikuwa mlangoni pa chumba cha Tate. Cha tatu chumbani mwa Nadège mwenyewe, nyuma ya mlango, hatua mbili kutoka katoni. Hakuna kilichoguswa. Akavificha vyote chini ya beseni lililopinduliwa nje, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaketi kizingitini akihema.

Basi yamekwisha. Angesema panya amekula sumu akakimbilia porini. Tate angefurahi. Hakuna ambaye angejua.

Lakini kama viko vinne?

Aliingia tena, akapekua nyuma ya magunia na juu ya kabati. Hakuna. Na kama viko sita? Nyumba ilikuwa na mashimo, boriti na pembe ambazo Tate alizijua miaka thelathini. Perefe alikuwa mahali fulani humo ndani, na alikuwa amefundishwa na mwalimu mzuri sana kwamba karanga iliyofichwa ni yake. Ni mtu mmoja tu aliyejua hesabu ya vifuniko, na alikuwa shambani.

Njia ya shamba haikuwahi kuwa ndefu vile. Tate alikuwa ameinama akilima. Alipoinua kichwa, Nadège alitafuta neno la kuchekesha. Kwa mara ya kwanza maishani hakulipata.

"Tate, uliweka vifuniko vingapi?"

"Kwa nini?"

"Hakuna panya." Nadège alisema mbio mbio. "Nilisema uongo. Iko kindi. Mutoto wa kindi, mi mwenyewe nimemulea chini ya kitanda tangu mwezi wa kwanza. Mi nilimupa karanga yako ya mbegu, na kisha alijipa mwenyewe. Nimepata vifuniko bitatu. Unisamehe, Tate, niambie vingine biko wapi."

Tate alitazama njia ya nyumbani. Kisha akaangusha jembe.

"Niliweka bitano. Kimoja iko ndani ya ngata yangu ya kubebea maji, kwenye pembe. Kingine iko juu ya boriti, kando ya kikapu. Kimbia, we uko na miguu. Mi nakuja."

Ndani ya ngata, ile pete ya nguo ya kuwekea ndoo kichwani, kifuniko cha nne kilikuwa kizima. Nadège akainua macho kwenye boriti.

Perefe alikuwa ameketi pale juu, mikono tumboni, mbele ya kifuniko cha tano. Aliinamisha kichwa, akanusa. Akachota tonge la karanga ya kusaga kwa mikono miwili.

Nadège alitaka kupiga kelele, lakini kindi anayetishwa hukimbia na alichoshika. Alivua polepole sweta ya Kaneza kiunoni, alipokuwa ameifunga. Akafungua mkono wa sweta, akatoa kopo mfukoni na kulitikisa.

Cha-cha-cha.

Perefe alisimamisha masikio. Alitazama tonge. Alitazama sweta. Mchezo au chakula? Mlangoni Tate alikuwa amefika, akihema, na hakusogea hata mguu.

Cha-cha-cha.

Tonge lilianguka sakafuni. Perefe alishuka ukutani, mbio, akaingia mkononi mwa sweta, na safari hii hakukuta kitu. Nadège alifunga mkono huo pande zote mbili, akaukumbatia, akalia.

Tate aliloweka kitambaa, akamfuta Perefe mikono na mdomo, mara kadhaa. Perefe alimng'ata. "Tena iko na adabu mbaya," Tate alisema. Walimlinda mpaka jioni, na jioni alikuwa akitafuna mguu wa kiti kwa afya njema. Sumu yote Tate aliichimbia shimo refu mbali na kisima na mbuzi wa Fabien.

Ndipo akaketi. "Njoo hapa."

Nadège akaketi.

"Mi pia nimekosa. Sumu haiwekwi ndani ya nyumba ya mutoto bila kumuonyesha iko wapi na iko ngapi. Hilo ni langu. Sasa sikia la kwako. Mi nilimutegea rafiki yako kwa mkono wangu, lakini aliyenituma ni we. Ulinipa panya, basi nikatafuta dawa ya panya. Ungenipa kweli, ningekasirika siku mbili, kisha ningetafuta kikapu chenye kifuniko."

"Niliogopa, Tate. Na ulicheka. Hujacheka tangu mama aende."

Tate alitazama mikono yake. "Na we ulikuwa unamusimulia nani habari zako za shule? Kindi? Mi niko hapa kila siku nakunywa chai na ukuta." Akamgeukia. "Tuko wawili ndani ya nyumba, kila mumoja peke yake. Hiyo ni ujinga yetu sote."

Kwa mbegu zilizoliwa, Nadège alibangua karanga za mke wa Fabien Jumamosi tatu mpaka vidole vikauma, akalipwa kikapu kimoja cha mbegu. Fabien aliondoa mitego kwenye michikichi yake ya mbali, ng'ambo ya kijito, na mvua za kupanda zilipotulia walimpeleka Perefe huko. Siku ya kwanza alirudi kwenye bega la Nadège. Siku ya nne alipanda, akatazama chini mara moja kama anahesabu wanafunzi, akapotea kwenye makuti. Nadège alilitikisa kopo kidogo tu, kisha akaacha.

Jioni hiyo nyumba ilikuwa kimya kama zamani. Sweta ya bluu ilikuwa juu ya kitanda, mkono wake mmoja umetoboka. Nadège aliketi jikoni akimenya mihogo. Tate akasogeza kiti karibu.

"Nisimulie tena yule panya wa masharubu."

Nadège alimkodolea macho. "Lakini Tate, ile ilikuwa uongo."

"Ile siku ilikuwa uongo, kwa sababu we ulijua na mi sikujua. Uongo muntu anabaki nao peke yake. Leo tunajua wote wawili, basi ni hadithi, na hadithi inataka watu wawili. Sema. Alikuwa amevaa kofia gani?"

Nadège aliweka kisu chini. "Ya chefu," alisema. "Lakini ilikuwa kubwa, ilimufunika macho, ndiyo maana hakunisalimia."

Tate akaanza kushika ubavu.