Karatasi Ambazo Hazikuchomwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Syntiche alichota maji kwenye bomba la mtaa wao, huko Kampemba. Zamani alikwenda na jirani yake Dorcelle, wakicheka njia nzima hata maji yakamwagika. Sasa alikwenda peke yake. Akifika tu, mazungumzo ya wengine yalikatika.

Yote yalianza baada ya uchaguzi. Mama yake, mwalimu Victorine, alikuwa mmoja wa waliohesabu kura katika shule ya mtaa. Matokeo ya nchi yalipotangazwa, nusu ya mtaa walishangilia, nusu wakasema wameibiwa. Papa Gauthier, baba yake Dorcelle, alikuwa miongoni mwa waliokasirika, wakiwalaumu waliohesabu kura. Tangu siku hiyo hakuna aliyeketi na Syntiche kwenye benchi lake darasani, wala aliyemwita kuruka kamba. Wiki tatu zilipita hivyo. Nyumbani hakusema kitu, ili asimwongezee mama yake uchungu.

Ijumaa moja, wakati wa mapumziko, Dorcelle alimjia.

"Syntiche, ni kweli mama yako aliona watu wakichoma karatasi za kura?"

Wasichana wengine walisogea. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumtazama Syntiche namna hiyo.

"Ndiyo," alijibu. "Aliona. Zilichomwa nyuma ya shule."

Dorcelle akamshika mkono. Siku hiyo Syntiche aliruka kamba mpaka kengele ikalia.

Saa tisa alasiri, akiwa nyumbani, alisikia makelele kutoka shuleni, akakimbia huko. Papa Gauthier, ambaye Dorcelle alikuwa amempelekea habari, na wanaume wengine walikuwa wamemzunguka mzee Dominique, mlinzi wa shule, ambaye huchoma takataka huko nyuma. Shati lake lilikuwa limechanika, na mdomo ulikuwa ukitoka damu.

"Sema, nani alikutuma?" Papa Gauthier alifoka, akimshika ukosi.

"Baba zangu, nilichoma majani tu!"

Dorcelle alikuwa palepale, akimtazama Syntiche. Kama angesema ukweli, angebaki tena peke yake, na safari hii kwa kosa lake mwenyewe.

"Mumuache! Nilidanganya! Mama hakuona kitu. Nilitaka tu Dorcelle aongee na miye."

Papa Gauthier aliachia ukosi wa shati. Mama Victorine naye alikuwa amefika, akihema.

"Papa Gauthier, ungeniuliza mimi. Katika chumba changu tulihesabu mbele ya mashahidi wa kila upande, tukabandika matokeo mlangoni. Ya kwingine siyajui, na nisichokijua sikisemi. Muna haki ya kuuliza. Hamna haki ya kumupiga muzee."

Papa Gauthier aliinamisha kichwa, akaenda mwenyewe kumletea mzee maji ya kunawa. Dorcelle aliondoka zake. Lakini kesho yake, bombani, alisogeza bidoni lake la maji na kumpa Syntiche nafasi.

Kutoka hapo Syntiche alikwenda kwa mzee Dominique. Alimkuta mlangoni, shati mapajani, akihangaika na sindano.

"Unisamehe, muzee. Niliogopa kubaki peke yangu."

Mzee aliinua macho. "Hata mimi niko peke yangu, tangu mke wangu afe. Ukiwa peke yako, mutoto wangu, sema hivyo: 'Niko peke yangu.' Ni neno la kweli, na halimuumizi muntu. Uongo utakupa rafiki wa mchana mmoja, kisha mwingine anaulipia kwa damu yake."

Akamnyooshea sindano. "Kaa hapa. Unitungie uzi, macho yangu yamechoka."

Syntiche akaketi.