Kadi ya Karla Ndani ya Barafu

Barafu haikuwa imevunjika. Hilo ndilo lililomshtua Marit. Bonge lilikuwa zima, limeganda ndani ya kopo la siagi nyuma ya njegere na samaki kama siku zote, lakini katikati yake, mahali palipokuwa na kadi ya benki, palikuwa na uwazi mwembamba wenye umbo la kadi. Alilipindua bonge chini ya taa ya jikoni. Hapakuwa na ufa wala tundu. Asubuhi iliyofuata alifungua friza tena, na kadi ilikuwa imerudi mahali pake. Jina lilisomeka vizuri kupitia barafu: Karla Sandvik.

Karla alikuwa mke wa kwanza wa Orrin. Moyo wake ulisimama miaka sita iliyopita akiwa anakunja nguo. Kadi ile aliigandisha yeye mwenyewe, kama wanavyofanya wengi pale Duluth, mji wa baridi kando ya ziwa huko Marekani, waliochoka na mikono yao: unaitia kadi kwenye maji, unaiweka kwenye friza, ili siku tamaa ya kununua ikikushika ungoje mpaka barafu iyeyuke, na tamaa iyeyuke nayo. Alikufa kabla ya kuiyeyusha, na Orrin hakuitoa.

Marit alipoolewa, aliuliza kwa nini. Orrin akamweleza kwa upole kwamba akaunti ile aliifungua pamoja na Karla wakiwa vijana, na ndiyo ya zamani kuliko zote alizonazo. Ukitaka nyumba, benki haikuulizi kama una roho nzuri. Inatazama alama zako: umeanza kukopa lini, umelipa vipi, unadaiwa kiasi gani. Akiifunga ile, alisema, miaka ishirini na miwili itafutika, alama zitaporomoka, na nyumba wataisikia kwa jirani. Kwa hiyo kila tarehe mosi alichukua kadi yake mwenyewe ya akaunti hiyohiyo, akanunua pakiti moja ya peremende, akailipa, ili akaunti isilale ikafa. Wala hakuwahi kuiambia benki kwamba Karla amefariki. Kwenye vitabu vyao Karla alikuwa hai.

Marit alikubali kwa mdomo. Moyoni jambo lile lilimkaa kama mwiba wa samaki. Kila mwezi mumewe alitoka kwenda kumlisha mwanamke mwingine.

"Mke mkubwa keshakula?" alimtania siku moja Orrin aliporudi na peremende mfukoni.

Mara ya kwanza Orrin alicheka. Mara ya pili alivua viatu tu.

Kilichomfanya Marit avumilie ni nyumba ya Mtaa wa Saba. Walikuwa wakiishi vyumba viwili juu ya duka la kufulia, sakafu ikitetemeka kutwa kwa mashine, na katika vyumba vile kila kijiko alikichagua Karla. Nyumba ya Mtaa wa Saba ilikuwa ya manjano, na kibaraza chake cha vioo kilitazama ziwa. Marit aliichagua mwenyewe. Alitaka mlango mmoja duniani ambao marehemu hajawahi kuufungua. Benki ilikuwa imewapa mpaka mwisho wa Aprili kukamilisha.

Taarifa ya akaunti ya Februari ililetwa na posta. Marit aliifungua kwa kuwa siku zote ilikuwa na mstari mmoja. Safari hii chini ya peremende palikuwa na losheni ya waridi, glovu za kike za sufu, na rangi ya mdomo. Vyote vilinunuliwa kwa kadi ya pili, ile ya Karla.

Alimngoja Orrin mezani. Hakupaza sauti.

"Glovu za nani, Orrin?"

"Glovu zipi?"

"Nauliza kwa adabu, na wewe nijibu kwa adabu. Kama una mwanamke, niambie ana mikono mikubwa au midogo, nijue ananizidi kwa kipi."

Orrin aliusoma ule mstari, akausoma tena, rangi ikamtoka usoni. Aliapa kwa kaburi la mama yake. Walikwenda wote wawili kwenye friza, wakasimama mbele ya lile bonge, na humo ndani kadi ilikuwa imetulia kimya kama jicho lililofumbwa.

Marit hakuridhika. Mwanamke mwenye wivu hupeleleza kuliko polisi. Mchana wa siku ya pili alikwenda kwenye duka la glovu, na muuzaji akamkumbuka yule mteja mara moja. Alikuwa mrefu, alisema, nywele zimelowa, na nje baridi ya kuua. Alitoa kadi yenye barafu, maji yakachuruzika kwenye kaunta, muuzaji akadhani ni utani wa watu wa chuoni. Tena aliulizia mapazia. Alitaja upana na urefu bila kusoma popote. Alisema ni ya nyumba mpya ya mumewe, Mtaa wa Saba.

Tangu siku hiyo friza ilianza kukwaruza. Si ule mlio wa injini ambao kila mtu anaujua, bali kitu kama ukucha unaopita polepole upande wa ndani wa mlango, unanyamaza ukikaribia, unaanza tena ukigeuka. Harufu ya waridi ilikaa kwenye mataulo. Alfajiri Marit alipopapasa katikati ya kitanda, baina yake na mumewe, alikuta shuka imelowa na ina baridi kama mtu aliyetoka ziwani amelala hapo na kuondoka sasa hivi. Lililomuuma zaidi ya hofu ni kwamba Orrin alikuwa amelala ameelekea upande huo.

Jumamosi, saa sita mchana, dalali aliwapeleka kuitazama nyumba kwa mara ya mwisho. Theluji ya uani haikuwa na alama ya mguu hata mmoja. Dalali alifungua mlango, akaingia mbele akizungumzia bomba la maji moto, na Marit akapanda ngazi peke yake kuelekea chumba alichokwisha kukipanga kichwani mwake mara mia, kitanda pale, kiti pale, akasukuma mlango na kuona dirishani mapazia ya kijani, mapya, yamenyooshwa kwa pasi, yamefika sakafuni bila kuzidi hata kidole, na akajua kabla ya kuyagusa kwamba yangekuwa na unyevu, akayagusa hata hivyo, yakawa na unyevu, na nyuma yake kwenye chumba kisicho na kitu mtu alivuta pumzi taratibu, pumzi ya mwenye nyumba anayemtazama mgeni akishika vitu vyake bila ruhusa.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Harufu ya waridi ilikuwa nzito mpaka kooni.

Chini, dalali alisema hajui mapazia yale yametoka wapi, labda mwenye nyumba ameyaacha. Orrin alipanda, akayatazama kutoka mlangoni mwa chumba. Akasema kwa sauti ndogo, "Alipenda kijani." Kisha akamwona Marit, akashuka kumuuliza dalali habari za bomba.

Jumatano Marit alikwenda kwa Bi Solveig. Mama huyu alistaafu kazi ya benki, na kila Jumatano alikaa kwenye chumba kilicho chini ya ukumbi wa kanisa, birika la kahawa mezani, akiwasaidia watu waliofungwa na madeni. Watu walisema kwa kunong'ona kwamba aliwasaidia pia waliofungwa na mambo mengine. Marit alimweleza yote, akitegemea kuchekwa. Bi Solveig alimmiminia kahawa tu.

"Aliyekufa ana makaburi mawili, mwanangu," alisema. "La udongo na la karatasi. Huyu amezikwa moja. Kila mwezi mnampelekea chakula kwenye hilo jingine, unataka akae kimya?"

Marit aliuliza kuhusu alama. Bi Solveig akamfafanulia polepole. Kufunga akaunti ya zamani hakufuti miaka yake siku hiyohiyo. Ikifungwa ikiwa haina deni, sifa yake njema hubaki imeandikwa muda mrefu. Kinachomwangusha mtu ni kingine. Akaunti ile ina kiwango kikubwa cha kukopa, na Orrin ana kadi nyingine mbili zenye deni. Kiwango kile kikiondoka, madeni yale yataonekana makubwa mbele ya kilichobaki. Basi kwanza wazilipe hizo mbili, wangoje benki ziandike kwamba zimelipwa, ndipo wafunge. Waombe barua ya uthibitisho. Baadaye wakague kumbukumbu kwa macho yao.

"Kwa kawaida ningekwambia ungoje mpaka mkabidhiwe funguo," aliongeza. "Lakini huyu hangoji, keshaanza kutundika mapazia."

"Orrin angeyajua haya angeifunga zamani," Marit alisema.

Bi Solveig alikizungusha kikombe chake.

"Nilimwambia miaka mitano iliyopita. Alikaa kwenye kiti hichohicho."

Marit hakukumbuka alivyofika nyumbani. Hakumgombeza mumewe. Aliuza pikipiki yake ya theluji, kitu pekee alichokuja nacho kwenye ndoa ile, akalipa kadi zote mbili. Walingoja wiki tatu mpaka benki zikaandika, friza ikikwaruza, na kila alipokula Marit alihisi kuna mtu anahesabu matonge yake. Ndipo akaiweka simu mbele ya Orrin na kumwambia yale aliyoagizwa na Bi Solveig. Watu wa benki kazi yao ni kubembeleza. Watampa zawadi, asipokee hata moja. Na kwenye simu aseme yeye peke yake, kwa kuwa ndiye mwenye akaunti.

Ilikuwa saa nane mchana, jua jeupe limejaa jikoni. Bonge la barafu lilikuwa kwenye sinki likiyeyuka. Orrin alipiga, akafungua spika, na msichana mchangamfu akapokea. Alisema anataka kufunga. Msichana akasikitika vizuri, kama walivyofundishwa. Akamwahidi mwaka mzima bila ada. Orrin akakataa. Akamwahidi dola mia mbili za kurudishiwa. Orrin akakataa, jasho likimtoka. Sauti ikaanza kupoa na kushuka, kama redio inayoishiwa betri.

"Umekuwa nasi miaka ishirini na miwili, Orrin," ilisema. "Nani mwingine amekaa nawe hivyo?"

Orrin alifumba macho.

"Huyo hapo mbele yako ana mingapi? Miwili? Hata pilipili hajui kwamba inakuumiza tumbo."

"Funga," alinong'ona Orrin. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Nakuomba, funga."

"Nitafunga, mpenzi. Fomu ina swali moja tu. Sababu ya kufunga?"

"Mke wangu amefariki."

Kwenye sinki barafu ilipasuka kwa mlio mdogo.

"Mke yupi?"

Orrin alifungua mdomo. Jina lilikuwa hapo, Marit aliliona limesimama kwenye ulimi wake, na aliona pia kwamba hataki kulitoa, kwamba kulitamka kwake ni kumzika kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba angekaa hapo na mdomo wazi mpaka jua lichwe kuliko kusema neno lile moja ambalo mke aliye hai, aliyeuza kila alichonacho, amekaa mbele yake analingoja. Na wivu wote wa miaka miwili, wa vijiko na shuka na mapazia, ukampanda Marit mpaka machoni, akaikwapua simu.

"Ni Karla," alisema. "Karla ndiye aliyekufa. Andika hivyo."

"Na wewe ni nani, dada?"

"Mimi ni Marit. Mkewe."

Zikasikika taratibu herufi zikibonyezwa, moja moja.

"Ahsante, Marit," sauti ikasema, changamfu tena. "Nimekuandika."

Simu ikakatika. Kwenye sinki palibaki maji na kadi. Orrin aliikata vipande kwa mkasi, bila kuambiwa, na usiku ule friza ikanguruma kama friza ya watu wengine. Harufu ikatoweka. Shuka zikakauka. Barua ikaja kwamba akaunti imefungwa kwa ombi la mteja, haina deni, na alama za Orrin zilishuka nne tu, zikarudi. Marit alianza kuimba akiosha vyombo.

Siku ya kusaini walivaa nguo zao nzuri. Karani wa ofisi ya hati alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alimpa Orrin mkono, akampa pole kwa msiba. Orrin akamwuliza msiba gani. Karani akageuza kompyuta yake ili waone. Katika kumbukumbu za mikopo, mbele ya jina la Marit Sandvik, paliandikwa marehemu, na tarehe ilikuwa ile ya simu. Marit alisema yeye ndiye Marit, akatoa leseni yake ya udereva. Karani aliiangalia mbele na nyuma, akairudisha mezani kwa ncha za vidole. Alieleza kwa heshima kwamba mambo haya hutokea, ila kurekebisha huchukua miezi. Leo hii jina lake haliwezi kuwekwa kwenye hati. Muda wa benki unaisha saa kumi na moja.

"Usisaini," Marit alimwambia mumewe. "Tutapata nyingine."

Orrin alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyotazama picha.

"Ni karatasi tu, Marit," alisema. "Tutarekebisha."

Akasaini. Karani alikausha wino, akasogeza hati ya pili, kisha akatazama saa ya ukutani.

"Bado sahihi ya mama," alisema. "Alipiga simu asubuhi, yuko njiani. Tumngoje?"

Nje, kwenye korido, viatu vya kike vilikuwa vikija bila haraka, harufu ya waridi ikivitangulia. Marit aligeuka kumwambia mumewe waondoke sasa hivi. Orrin alikuwa ameinuka. Alikuwa akitengeneza kola ya shati lake, na kwa mkono mwingine alikuwa akivuta kiti kilichokuwa ukutani, akikileta karibu na chake.