Duara Nyuma ya Goti

Kila asubuhi katika likizo ile ya kiangazi, kabla ya kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee, Mama Perpétue alifunga mandazi kwenye mfuko, akampa binti yake Asifiwe kadi za treni, kisha akarudia maneno yale yale.

"Msiingie kwenye majani marefu. Mkirudi, umkague Valéry mwili mzima. Kupe wa huku ni wadogo kama ufuta."

"Ndiyo, mama," Asifiwe alijibu, mguu mmoja umeshatoka nje.

Asifiwe alikuwa na miaka kumi na miwili. Binamu yake Valéry, wa miaka saba, alikuwa amekuja Hallonbergen, mtaa walikoishi, kutoka Brussels kukaa nao mwezi mzima, na kumtembeza ilikuwa kazi ya Asifiwe.

Siku moja walipanda treni hadi Tumba, nje ya mji, kuchuma matunda ya porini. Msitu ulikuwa kimya. Miti mirefu ilisimama kama watu wanaongoja jambo, na hakuna ndege aliyelia. Valéry aliona matunda katikati ya majani yaliyomfika kiunoni, akaingia. Upepo haukuwepo, lakini majani yalijifunga nyuma yake polepole, na kwa muda Asifiwe hakumwona.

"Toka huko," alimwita.

Alitoka anacheka, mdomo umegeuka buluu.

Jioni mama aliuliza, "Umemkagua?"

"Nimemkagua," Asifiwe alisema, macho kwenye simu. Alikuwa hajamgusa hata kwa kidole.

Siku ya tisa baada ya safari hiyo, Valéry akivaa soksi, waliliona nyuma ya goti: duara jeusi-jekundu, kama limechorwa na mtu. Haliumi, haliwashi. Asifiwe alichukua kalamu nyeupe ya kuchorea, akalizungushia mstari.

"Likibaki ndani ya mstari, hakuna shida."

Kesho yake lilikuwa limeuvuka. Akachora mwingine. Siku iliyofuata likauvuka na huo, akachora wa tatu, na katikati ngozi ikarudi kama kawaida, kana kwamba kuna kitu chini yake kinatembea kwenda nje. Siku ya nne alichora mstari wa nne.

"Yaya," Valéry alinong'ona, maana ndivyo alivyomwita Asifiwe, kama dada yake mkubwa, "likifika moyoni?"

"Halifiki. Vaa suruali ndefu. Mama akijua, safari zimekwisha, na kesho hatupandi meli ya kwenda visiwani."

Kesho yake, Jumamosi, joto lilikuwa kali. Mama hakwenda kazini. Alisimama mlangoni na mfuko wa chakula, akamtazama Valéry.

"Suruali ndefu na jua hili? Wewe ni babu wa wapi?"

"Nasikia baridi, mama mdogo."

Alisema taratibu, bila kupepesa macho. Asifiwe aligeuka kumtazama. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa mtoto wa miaka saba.

"Mama, mtazame mguu," alisema. "Siku ile ya Tumba aliingia kwenye majani. Sikumkagua. Nilikudanganya."

Mama alikunja ile suruali. Duara lilikuwa limefika ukubwa wa kisahani, limeiacha nyuma mistari yote minne. Alikaa chini palepale, juu ya viatu vyao, akapiga simu kwa wauguzi.

Hospitalini, daktari hakuhitaji hata kipimo. Ni ugonjwa wa kupe, alisema; mtoto atameza vidonge siku kumi, naye atapona vizuri.

Walipotoka, walikaa kwenye benchi kungoja basi.

"Na meli?" Valéry aliuliza.

"Imeshaondoka, baba. Tutapanda nyingine ukimaliza dawa." Mama akamgeukia Asifiwe. "Nimekasirika, sitakuficha. Ila hasira yangu hata kesho haifiki. Ugonjwa ukifichwa unaendelea kutembea, wewe ukiuchorea mistari. Ukikosea, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Na huyu mdogo wako, kila unachofanya anakifanya. Leo amesema uongo kwa ajili yako, tena amesema vizuri kabisa."

Asifiwe alimtazama Valéry. Alikuwa amekunja suruali, anapunga miguu yake juani.

"Nimesikia, mama," alisema, na safari hii aliinua macho.