Kidole cha Salamu

"Bardal, uko wapi?" Mkuu aliuliza redioni.

"Nyuma yake. Mita mia mbili."

"Mwenzake kakamatwa Dakota ya Kaskazini, katapika kila kitu. Wanalenga msikiti, sala ya Ijumaa. Usimwache aingie Winnipeg!"

Solveig Bardal, shushushu wa mpaka wa Kanada na Marekani kwa miaka kumi na moja, akakanyaga mafuta. Ford ya kijivu ilitimua theluji mbele yake. Chini ya magunia ya mbegu za alizeti ilibeba baruti.

Akaipita. Akaikatia mbele. Breki zikalia.

Akaruka nje, bastola ya Glock mkononi.

"Mikono juu, Wade!"

Wade Kostick, jirani yake aliyezoea kumwita Solla, akacheka.

"Solla bwana! Wiki tatu napita hapa, unaninyanyulia kidole. Leo kulikoni?"

Kweli tupu. Huku kwetu ukipishana na mtu unayemjua, unanyanyua kidole kimoja juu ya usukani, basi. Alimnyanyulia mara tisa. Mara tisa baruti ikavuka.

"Nchi inachukuliwa hivi hivi tunaona," Wade alisema. "Na wewe ni wetu."

"Nyamaza!"

Akamtia pingu. Akamtoa mfukoni kifaa cha kulipulia, akakichomoa betri.

Redio ikakoroma. "Safi sana, Bardal! Umeokoa watu mia mbili."

"Si mimi, Mkuu. Wa kwanza kutuonya ni Warsame."

"Warsame gani?"

"Dereva wa lori. Wiki tatu zilizopita alituambia kuhusu hii Ford. Nikasoma jina lake la Kisomali, nikampekua yeye. Nikamsimamisha kwenye baridi kwa saa mbili."

Mkuu akakohoa. "Hilo tusiliandike."

"Nitaliandika."

Aibu ilimwunguza uso. Alipokwisha kumkabidhi Wade kwa wenzake, angeweza kwenda nyumbani akalale. Akaendesha hadi msikiti ule uliolengwa, anakoswali Warsame.

Watu walikuwa wanatoka kuswali. Warsame alilitazama koti la kazi la Solveig, hakumpa mkono.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka."

"Mimi nimeshazoea, dada. Lakini siku ile nilikuwa na mama yangu garini. Yule anakuja. Mwombe yeye."

Bibi mmoja alikuwa akishuka ngazi taratibu. Akaliona koti. Hakusubiri kuambiwa. Akaweka mkoba chini kwenye theluji, akainua mikono yote miwili.

"Hapana, mama!" Solveig akasema. "Shusha mikono, tafadhali."

Bibi hakuishusha.