Mwili Wake Kama Wako

Mkahawa ule wa mtaani ulijaa hadi wengine walikula wamesimama mlangoni. Mwenyewe, mama mnene mwenye aproni nyekundu, hakuwa na meza ya mtu mmoja. Ukifika peke yako anakushika mkono na kukuketisha popote penye kiti, upende usipende. Ndivyo mshonaji wa magauni ya harusi, aliyekuja ugenini kununua vitambaa, alivyojikuta uso kwa uso na kijana mwenye ovaroli ya buluu na grisi kwenye kucha.

Mshonaji aliishika karatasi ya vyakula asielewe hata neno. Akanong'ona, "Ee Mungu wangu, leo nitakula nini mimi?"

"Agiza supu," kijana akajibu kwa Kiswahili bila kuinua kichwa. "Hapo ulipoweka kidole ni anwani ya mkahawa."

Mshonaji alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe wa nyumbani! Unafanya nini huku, kaka?"

"Natengeneza lifti. Na hilo la kaka liache mlangoni, mimi sitafuti dada."

Msichana alikuwa na blauzi ya manjano na kitambaa cha hariri kichwani, masalia ya gauni la mtu. Fundi lifti alimtazama hadi supu yake ikapoa. Juma zima walikula pale pamoja, yeye akimwita Sindano, naye akiitwa Baba Lifti. Sindano aliporudi nyumbani, simu zikaanza, asubuhi na jioni.

Lakini Baba Lifti alikuwa na ugonjwa mmoja: utani. Jambo likiwa zito moyoni, hakuweza kulitoa mpaka alifunge kwenye mzaha.

"Sindano wangu," alisema siku moja, "nina kazi. Nishonee gauni la bibi harusi."

"La nani?"

"La mtu fulani. Mwili wake kama wako. Ukijipima wewe, umempima yeye."

Alijiziba mdomo asicheke, akisubiri asikie vigelegele.

"Sawa, mteja," Sindano akajibu.

Mteja! Baba Lifti alicheka peke yake chumbani. Aliona mwenzake ameelewa na ameamua kumlipizia utani kwa utani. Kumbe Sindano alikuwa ameketi sakafuni, amekumbatia magoti, analia.

Angeweza kukataa kazi ile. Lakini kukataa kungeonyesha kwamba ameumia, na yeye aliona heri afe kuliko hilo. Kiburi kitu kibaya, jamani.

"Mteja, anapenda mikono mirefu au mifupi?"

"Unavyopenda wewe ndivyo anavyopenda."

"Mteja, harusi lini?"

"Ukimaliza gauni tu, mpenzi."

Hata "mpenzi" hiyo aliisikia kama dharau. Akikata simu alinawa uso, akarudi kwenye cherehani. Jioni moja mama yake alimkuta pale, macho mekundu.

"Mwanangu, yule mwalimu aliyefiwa na mkewe bado anasubiri jibu. Mtu mstaarabu, na binti yake anakupenda. Unangoja nini?"

"Singoji kitu, mama. Mwambie ndiyo."

Mteja hakuambiwa. Mteja yanamhusu nini?

Safari nyingine ya vitambaa ilipowadia, alilibeba gauni. Alimkuta Baba Lifti mkahawani, shati jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, kucha zimesuguliwa. Sindano alivaa gauni jeusi la kawaida, hata hereni hakuweka.

"Mzigo wako, mteja." Akafungua zipu ya mfuko.

Lilikuwa la rangi ya krimu, mikono mirefu ya lesi, kiuno kimebanwa kwa mshono usioonekana. Mkahawa mzima ukapiga makofi. Mama wa aproni, aliyekwisha kudokezwa siri, alifuta machozi.

"Sasa nenda kalivae," Baba Lifti akasema.

"Mimi? Mwenyewe yuko wapi?"

"Sindano, mchezo basi. Mwenyewe ni wewe. Tangu siku ile ya supu ni wewe."

"Mchezo gani?"

Tabasamu likamganda kijana. "Si ulikuwa unaniita mteja? Nilijua umeelewa, unanitania."

"Nilikuwa nalia! Nalia, nanawa, halafu nakupigia kukuuliza habari ya mikono. Nilikipima kiuno changu huku namchukia mwanamke mwenye kiuno hicho!"

Watu waliendelea kupiga makofi, hawakujua Kiswahili.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Yameisha. Tuoane."

"Nimeshampa mtu neno langu. Mwalimu, jirani yetu."

"Lirudishe! Mpigie sasa hivi."

Na kweli Sindano alitoa simu. Alimpenda kijana huyu, alimpenda sana, na ilitosha aseme neno moja tu ili awe wake. Akapiga. Ikapokewa na sauti nyembamba ya mtoto.

"Mama! Umefika salama? Baba anapika na anaunguza!"

Sindano akafumba macho. "Nimefika, mwanangu," alisema taratibu. "Mwambie baba apunguze moto."

Baba Lifti alisikia lile "mwanangu", akaelewa.

"Unampenda?" akauliza.

"Bado. Lakini yeye akiwa na jambo, ananiambia lilivyo."

Akasimama. Gauni akaliacha kitini.

"Lichukue, Sindano. Linakukaa wewe."

"Niolewe na mtu nimevaa gauni la mwingine? Siwezi."

Alipita katikati ya meza, watu wakimshika mkono kumpongeza, naye akiwashukuru kwa kichwa. Baba Lifti alipofika nje, teksi ilikuwa imeshaondoka naye. Akapiga simu. Iliita sana kabla haijapokewa.

"Nakupenda," alisema, bila kicheko. "Nataka uwe mke wangu."

Alisikia mngurumo wa gari, kisha kilio alichokuwa hajawahi kukisikia.

"Ungesema hivyo hivyo," Sindano akajibu. "Siku ile. Hivyo hivyo tu, ningekuja hata nimevaa nguo za kulalia."